Kosa Si la Maharagwe: Dhana Potofu za Mapishi Yasiyo na Nyama

Wengi waliozikimbia kunde, yaani maharagwe na jamii yake kama dengu na choroko, walikatishwa tamaa na sufuria moja tu: punje ngumu, tumbo kujaa gesi. Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye maelekezo waliyopewa.

“Ukitia chumvi mapema, maharagwe hayaivi.” Nami nililishika hili kwa miaka. Ukweli ni kinyume chake. Ganda la haragwe hushikanishwa na pektini, na pektini hukazwa na kalsiamu na magnesiamu. Ukiloweka kwa maji ya chumvi, sodiamu huchukua nafasi ya madini hayo na ganda hulegea. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 1 ya maji kinatosha. Acha usiku kucha, asubuhi mwaga maji, suuza, bandika. Kumwaga maji hayo pia huondoa sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni.

Kinachochelewesha kuiva hasa ni uchachu. Nyanya, limau na siki visubiri mpaka uchukue punje, uibonyeze kwa vidole viwili, isagike yote bila kiini kigumu katikati. Magadi hulainisha upesi, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni. Na maharagwe yaliyokaa ghalani miaka mingi huenda yasilainike hata uyachemshe kutwa.

“Yakilainika yameiva, hata kwa moto mdogo.” Hapa naomba tuwe makini sana. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya protini iitwayo lektini, na punje 4 au 5 tu zinaweza kumtapisha mtu vibaya. Joto lisilofika mchemko haliiui. Likiwa chini ya nyuzi 80, sumu hiyo inaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo usiyapike tangu mwanzo kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole. Yaloweke saa 5 au zaidi, badilisha maji, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili. Mimi huziacha zifike 30. Ndipo upunguze moto. Dengu ndogo bapa (lentils) hazihitaji kulowekwa: dakika 20 hadi 30 zinatosha.

“Bila wali na maharagwe sahani moja, hupati protini kamili.” Protini huundwa na vipande vidogo viitwavyo asidi amino: nafaka zina upungufu wa kimoja, lisini, kunde zina upungufu wa kingine, methionini, na kila moja huziba pengo la mwenzake. Hilo ni sahihi. Kosa ni kudhani lazima zikutane katika mlo uleule. Mwandishi Mmarekani Frances Moore Lappé, aliyeieneza sana dhana hiyo mwaka 1971, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1981. Ukila uji wa mtama asubuhi na choroko jioni, mwili utaziunganisha.

“Spinachi inatosha kuongeza damu.” Chuma kimo, ila mwili hukinyonya kwa shida kuliko cha nyama. Kamulia limau ukishaepua, na chai au kahawa isubiri kidogo baada ya kula, maana huzuia chuma. Wala usichemshe majani ukamwaga maji; vitamini C na folati (vitamini B9) huondoka nayo. Yakaange kwa mafuta kidogo hadi yanywee tu, kwani mafuta husaidia mwili kupokea karotini, ambayo huigeuza kuwa vitamini A.

“Mboga, nafaka na kunde zina kila kitu.” Nazipenda mno, lakini vitamini B12 hazina. Hatari ya kuikosa ni ya kimyakimya: folati iliyojaa kwenye majani na kunde inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Asiyekula mayai wala maziwa anahitaji vidonge, au vyakula vilivyoongezwa B12. Mjamzito na anayenyonyesha wasisubiri dalili, kwa sababu mtoto hutegemea kile alichonacho mama.