Usiulize "lini": namna swali la bungeni linavyombana waziri

Fungua Hansard, yaani Taarifa Rasmi za Bunge, ya siku yoyote Bunge likiwa linakaa Dodoma: kurasa za mwanzo ni za maswali. Mbunge anauliza ni lini barabara fulani itajengwa kwa kiwango cha lami. Naibu Waziri anasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Ujenzi, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Anasoma aya mbili na kumalizia kwamba kazi itaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, anaongeza mawili ya nyongeza, shughuli inasonga. Huku kwetu Mwanza, kuanzia Ukerewe hadi Buchosa, habari zinafika kwamba mbunge kauliza. Kauliza kweli, ila hajambana mtu.

Kosa mara nyingi limefanyika wiki kadhaa kabla waziri hajasimama, pale swali lilipoandikwa. Swali la "lini" linamtaka waziri atabiri, na utabiri hauna nyaraka. Swali linalombana linauliza jambo ambalo tayari limeandikwa kwenye jalada fulani la Serikali: tarehe ya mkataba, kiasi kilicholipwa, siku chombo kilizosimama. Hapo hakuna pa kukwepea. Atasema ukweli, atakataa kusema, au atasema uongo utakaobaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge miaka na miaka.

Msingi wa haki hii uko kwenye Katiba, Ibara ya 63(3)(a): Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno hayo ya mwisho, "katika wajibu wake", ndiyo yanayoangusha maswali mengi, na nitayarudia hapa chini. Kwanza tuangalie njia ambayo swali linapita.

Swali la msingi huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge. Linaangaliwa kama limekidhi Kanuni za Kudumu: lisiwe hotuba, lisiwe na lugha ya kuudhi, lisiingilie shauri lililoko mahakamani, lisiulize kilichokwishajibiwa. Likipita, linapelekwa wizarani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Waziri hana takwimu za Misungwi kichwani. Wizara inaandika kwenda chini, kwa meneja wa TANROADS (barabara kuu) wa mkoa, au wa TARURA (barabara za vijijini na mijini), au wa RUWASA (maji vijijini), au kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikitaka taarifa, na mara nyingi inaitaka haraka. Taarifa inapanda tena, inachujwa, inafika kwa katibu mkuu, mwisho inakuwa zile aya mbili.

Kwa hiyo swali lako linasomwa na watu wengi kabla ya Naibu Waziri kulisoma. Meneja wa mkoa akiona limetaja mkataba na kuuliza kiasi kilicholipwa, analazimika kulifungua jalada. Akiona "Serikali ina mpango gani", anachukua jibu la mwaka jana na kubadilisha mwaka wa fedha. Sisemi hivyo kwa kejeli. Linganisha mwenyewe majibu mawili ya barabara moja yaliyopishana miaka miwili, utaona sentensi zilezile.

Sasa wajibu wa nani. Hapa kanda ya ziwa jambo hili linasumbua kuliko sehemu nyingi, kwa sababu usafiri wetu wa majini umegawanyika. Vivuko vya Serikali viko chini ya TEMESA, na TEMESA iko Wizara ya Ujenzi. Meli za abiria na mizigo, kama MV Victoria inayokwenda Bukoba, ziko kwenye kampuni ya meli ya Serikali, ambayo iko Wizara ya Uchukuzi. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vyote ni wa TASAC, nayo iko Uchukuzi. Wizara hizi mbili zilikuwa moja hadi zilipotenganishwa Agosti 2023, kwa hiyo swali lililonakiliwa kutoka Hansard za zamani linaweza kwenda pasipo pake. Kivuko cha Kamanga ni cha kampuni binafsi. Ukimuuliza Waziri wa Ujenzi habari za matengenezo yake, atajibu kwa sentensi moja kwamba hahusiki nacho, na nafasi yako imekwisha. Kinachoulizika pale ni ukaguzi.

Kuna na mtego wa majina. Kivuko cha MV Mwanza kilikuwa kikivusha watu na magari Kigongo–Busisi. Meli ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ni chombo kingine kabisa, kilichoshushwa majini Februari 2023. Ukiandika "MV Mwanza" peke yake umemwachia waziri achague chombo ambacho habari zake ni nzuri. Taja aina ya chombo, njia yake na taasisi inayokiendesha.

Nchi kavu ni vivyo hivyo. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, hivyo muulize Ujenzi. Mitaa ya Igoma na Buhongwa kwa sehemu kubwa ni ya TARURA, ambayo iko TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Zahanati na vituo vya afya vya halmashauri ni TAMISEMI, lakini Sekou-Toure, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ni Wizara ya Afya. Bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ni Wizara ya Maji. Na taka zisizozolewa mtaani kwako Ilemela si za kumpelekea waziri hata kidogo. Hizo ni za diwani, kwenye baraza la madiwani la robo mwaka, ambako pia kuna maswali kwa maandishi na watu wachache sana wanayatumia.

Tuchukue mfano mmoja tuukague kwa karibu. Swali la kawaida kuhusu kisiwa cha Ukara lingekuwa hivi:

"Je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha usafiri wa majini kati ya Bugolora na Ukara?"

Jibu unaweza kuliandika mwenyewe. Serikali inatambua umuhimu wa wananchi wa Ukara, imeendelea kuboresha, na itaendelea kuboresha. Sasa lilinganishe na hili:

"Je, katika mwaka wa fedha uliopita, kivuko kinachotoa huduma kati ya Bugolora na Ukara kilisimama kwa siku ngapi kutokana na ubovu au matengenezo? Je, ni lini kilikaguliwa na TASAC kwa mara ya mwisho na cheti kinaruhusu abiria wangapi?"

Hakuna mahali palipoombwa ahadi. Siku za kusimama zipo kwenye daftari la chombo, tarehe ya ukaguzi ipo kwenye cheti, idadi ya abiria ipo kwenye cheti hichohicho. Na kwenye njia hiyo ya Ukara, idadi hiyo ndiyo roho ya watu: kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, chombo chenye uwezo wa watu wapatao 100 kilipoteza zaidi ya watu 220. Neno "lini" limo humo, lakini linaulizia jambo lililopita. La wakati uliopita ni halali, la wakati ujao ndilo bovu. Tatizo pekee la swali hili ni kwamba kipengele cha kwanza ni cha TEMESA na cha pili ni cha TASAC, wizara mbili. Mimi ningeligawa yakawa mawili, au ningeacha siku za kusimama kwenye swali la msingi na kuweka cheti kama swali la nyongeza, nikijua kwamba Naibu Waziri wa Ujenzi anaweza kusema hilo si lake.

Swali la msingi likishajibiwa, mwulizaji anapewa maswali mawili ya nyongeza, na lazima yatokane na swali lenyewe. Wabunge wengi wanayatumia kuombea kitu kingine kabisa: "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa tatizo la Ukara linafanana na la barabara ya kwetu..." Hapo wamemwokoa waziri. Nyongeza inafaa iandaliwe siku ileile ya kuandika swali la msingi, kwa sura mbili: moja kama jibu litakuwa na namba, nyingine kama halitakuwa nayo. Namba ikitolewa, uliza iliyo jirani yake. Isipotolewa, rudia ombi la namba ileile kwa maneno machache na ukae. Aibu ya kukosa jibu mara mbili mbele ya Spika ina nguvu kuliko hotuba.

Kwenye fedha kuna namba tatu zinazochanganywa kila siku: zilizotengwa, zilizotolewa, na zilizotumika. Waziri anapenda ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa. "Serikali imetenga shilingi bilioni kadhaa" maana yake Bunge liliidhinisha, haimaanishi kwamba hata senti imefika Mwanza. Uliza zote tatu katika sentensi moja, na utaje tarehe ya kuishia. Usipotaja tarehe utapewa namba ya siku inayompendeza mjibuji.

Tarehe hiyo inategemea Bunge liko mkutano gani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mkutano wa Novemba unafaa kwa robo ya kwanza, yaani fedha zilizotolewa hadi Septemba 30. Wa Januari na Februari unafaa kwa nusu mwaka, na huo ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu mradi ambao haujapata kitu hadi Desemba 31 una hatari ya kweli ya kumaliza mwaka mikono mitupu, na bado kuna miezi mitano ya kusukuma. Aprili hadi Juni ni mkutano wa bajeti. Swali lijibiwe kabla ya siku ya makadirio ya wizara husika, ili mbunge alibebe jibu kwenye mjadala. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nazo huingia bungeni Aprili. Hoja ya ukaguzi iliyotajwa kwa ukurasa ni msingi mzuri wa swali, maana waziri hawezi kusema hajaisikia.

Majibu ya miradi ya ujenzi yana ngazi zake, na anayezijua hababaishwi. Upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, kutafuta fedha, kutangaza zabuni, kusaini mkataba, kukabidhi eneo kwa mkandarasi, malipo ya awali. Kati ya ngazi mbili inaweza kupita miaka, na kusaini mkataba bila malipo ya awali ni sherehe tu. Neno "mchakato unaendelea" linafunika ngazi zote hizo kwa pamoja. Uliza mradi uko ngazi ipi na uliingia ngazi hiyo tarehe gani. Ukiambiwa asilimia, uliza ni asilimia ya nini, kwa sababu kazi iliyofanyika na fedha iliyolipwa ni vitu viwili, na pengo kati yake ndilo linaloonyesha kama mkandarasi anadai.

Mradi ukikamilika pia maswali hayaishi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kinachofaa kuulizwa sasa ni vivuko vilivyokuwa pale: kila kimoja kimepelekwa njia ipi, kwa gharama gani, na kimeanza kazi tarehe gani. Visiwa vyetu vina haja navyo.

Kwa kulinganisha na wengine, Uingereza mbunge anaweza kutaka jibu la maandishi kwa tarehe aliyoitaja mwenyewe, kwa notisi ya siku tatu za vikao, hadi maswali matano ya namna hiyo kwa siku. Lakini wizara inaruhusiwa kukataa ikiwa kulitafuta jibu kutazidi pauni 850. India kwenye Lok Sabha kuna maswali yenye nyota, 20 kwa siku, yanayojibiwa kwa mdomo, na yasiyo na nyota, 230 kwa siku, yanayojibiwa kwa karatasi. Ninachowaonea wivu Wahindi ni kamati yao ya ahadi za Serikali, iliyoanza 1953: waziri akisema "tutafanya", ahadi inaandikwa, na anatarajiwa kuitimiza ndani ya miezi mitatu.

Kwa mwananchi anayetaka kumpa mbunge wake swali, au mbunge wa viti maalumu wa mkoa ikiwa wa jimbo hapatikani, ukurasa mmoja unatosha. Andika jina kamili la mradi kama lilivyo kwenye kibao cha pale eneo la kazi, na ukipige picha: kibao kina mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, kwa kawaida na tarehe za kuanza na kumaliza. Weka jibu la mwisho lililowahi kutolewa bungeni kuhusu jambo hilo, na tarehe yake. Linapatikana kwenye tovuti ya Bunge ukitafuta jina la jimbo. Kisha sentensi moja ya swali. Peleka mapema, wiki nyingi kabla ya mkutano, kwa maana foleni ni ndefu.

Na kama Naibu Waziri atasema, "takwimu hizo nitampatia Mheshimiwa Mbunge kwa maandishi", andika tarehe. Karatasi hiyo inakwenda kwa mbunge mwenyewe, na kwenye Hansard ya siku hiyo utaikuta ahadi tu, namba hazimo. Mfuate mbunge ofisini jimboni baada ya wiki mbili uombe nakala. Kama haijaja, aandike swali jipya la msingi linalonukuu ahadi hiyo kwa tarehe yake.