Ni kweli, lakini

Mzee aliongea kwa karibu dakika mbili nzima. Mkalimani akamgeukia hakimu akasema: "Ni kweli."

Sikuwa wakili wake. Nilikuwa kwenye benchi la mawakili nikisubiri kesi yangu ya mpaka wa shamba itajwe, katika mahakama ya mji mmoja wa Bonde la Ufa ambao sitautaja. Mshtakiwa alikuwa Mwogiek, mtu wa jamii ya asili ya warina asali wa msitu wa Mau, wa miaka sabini hivi, amevaa koti la mvua na gambuti zenye matope makavu. Kando ya meza ya karani kulikuwa na kielelezo: mzinga wa gogo la mtarakwa, mweusi kwa moshi, ambao harufu yake ya nta ilinifikia nilipokaa. Nimekulia Molo. Kikalenjin nakisikia vizuri, na Kiogiek kikisemwa polepole hakinipiti. Alichosema mzee kilikuwa hivi: mzinga ni wangu, kabla yangu ulikuwa wa baba yangu, mti ule tunautundikia mizinga tangu nikiwa mvulana, na mimi sijui ni lini jambo hilo liligeuka kuwa kosa.

Kwenye faili yakaandikwa maneno mawili tu.

Kwa msomaji asiyezijua korti zetu, nieleze uzito wa maneno hayo. Shtaka likishasomwa, mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Akisema "ni kweli", amekiri kosa. Hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna atakayehojiwa, kinachobaki ni hukumu. Ndiyo maana utaratibu wa kupokea jibu hilo ulipangwa kwa makini tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kadiri inavyowezekana. Kisha upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio, naye aulizwe kama anayakubali. Akitia neno lolote linalotilia shaka hatia yake, jibu libadilishwe, iandikwe kwamba amekana.

Kwa hiyo mshtakiwa anaweza kuokolewa na neno moja: lakini. Mtu anayesema "ni kweli, lakini mzinga ulikuwa wa baba yangu" hajakiri kosa kisheria. Amekubali tukio na kupinga hatia, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Sasa fikiria "lakini" hiyo imemezwa na mkalimani aliyeandikwa kuwa wa "Kikalenjin", kana kwamba Kikalenjin ni lugha moja, mwenye faili kumi mkononi na saa nne imeshapiga. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Haisemi kitu kuhusu mkalimani anayefupisha.

Nimezunguka na kesi za watu wa msituni kwa miaka kadhaa sasa, na naamini shida yao kubwa zaidi kortini ni kwamba ukweli wenyewe ndio unaowafunga. Mwizi wa ng'ombe hukana. Mrina asali hakani, kwa sababu hajaona cha kukana.

Tuisome sheria yenyewe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kifungu cha 64, inakataza mtu asiye na kibali kufanya mambo kadhaa katika msitu wa umma. Kukata miti, sawa, kila mtu anaelewa. Kulima, sawa. Lakini humo humo imo pia kukusanya asali au nta, kutundika mzinga juu ya mti au popote pale, kuingia msituni kwa nia ya kurina, na hata kupatikana humo na vifaa vya kurinia. Kuwemo msituni kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi nako kumekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayejua nyuki wetu anajua kwamba mizinga mara nyingi hurinwa gizani, nyuki wanapopoa. Kwa hiyo usiku mmoja wa kazi unaweza kuzaa mashtaka mawili au matatu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili.

Hapo kwenye "kisichopungua" pana mtego unaowapita hata mawakili. Katiba, kifungu cha 49(2), inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Sheria ya misitu inaanzia pale pale Katiba inapoishia. Ulinzi ule unamkosa mrina asali kwa unywele.

Na rumande ndiko wengi wao wanakoumia. Dhamana ikitolewa, korti hutaka pesa taslimu au mdhamini mwenye hatimiliki, kitabu cha gari au hati ya mshahara. Mwogiek wa Mau ataitoa wapi hatimiliki? Kukosa hatimiliki ndiko kumemfikisha kizimbani. Nimewahi kumsikia mwendesha mashtaka akipinga dhamana kwa hoja kwamba mshtakiwa "hana makazi maalumu yanayojulikana", na mtu huyo alikamatwa mlangoni pa nyumba aliyozaliwa.

Nikiyaeleza haya mjini, swali la kwanza ni: kwa nini wasichukue kibali? Wapo wanaochukua. Wamejiunga na vyama vya jamii vya misitu na wanatundika mizinga yao bila kusumbuliwa, na siwalaumu. Wengine wanakataa, nao nawaelewa. Msitu wa Mau kwa Waogiek umegawanywa kwa koo, na kila ukoo una ukanda wake uitwao konoito, unaopanda kutoka chini hadi juu mlimani, ili maua yakiisha huku yawe yanafunguka kule. Ni mgawanyo wa ardhi wenye wenyewe na wenye mipaka. Kuomba kibali cha kuingia konoito yako ni kutia sahihi kwamba si yako.

Swali la pili huwa la mazingira: Mau si inaisha? Inaisha kweli. Ila mwaka 2001 Serikali yenyewe ilitangaza kumega zaidi ya hekta 60,000 za misitu nchini, sehemu kubwa ikiwa Mau, na watu wakapewa vipande. Aliyepewa kipande akafyeka miti yote alikuwa na karatasi. Aliyeuacha mti umesimama akautundikia mzinga hakuwa nayo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliyaona hayo. Hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017 ilisema Kenya imekiuka haki za Waogiek, ikiwemo haki ya ardhi ya mababu zao, na kwamba hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao ipimwe na kuandikishwa kwa jina lao. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena Sasimwani, kaunti ya Narok. Kwenye mahakama za chini nimeisoma hukumu ya Arusha kwa sauti mara kadhaa. Mahakimu huisikiliza kwa adabu, kisha huniuliza kama mteja wangu ana kibali.

Kuna nchi zilizojaribu kurekebisha upande wa adhabu. Kanada, tangu kesi ya Gladue ya 1999, jaji anayemhukumu mtu wa jamii za asili lazima azingatie historia iliyomfikisha pale na atafute njia nyingine kabla ya jela. Ni wazo zuri, ingawa idadi yao magerezani kule bado ni kubwa kupita kiasi. Lakini hilo linahusu hukumu. Hatia ya mzee wa mzinga ilishaandikwa kabla hukumu haijafikiriwa.

Siku ile nilisimama. "Mheshimiwa, naomba niandikwe kwa niaba ya mshtakiwa, na shtaka lisomwe upya." Hakimu alinitazama, akatazama saa, akakubali. Kijana mmoja kutoka viti vya nyuma akaapishwa kutafsiri. Safari hii "lakini" iliingia kwenye faili, jibu likawa amekana. Dhamana ikawekwa shilingi 30,000 taslimu, na mzee akakaa rumande siku 9 jamaa zake wakichanga. Miezi ikapita, askari wa misitu hakuja kutoa ushahidi, na mashtaka yakaondolewa kwa kifungu cha 87(a) cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, maana yake wanaweza kumkamata tena kwa kosa lilelile wakitaka.

Tulirudi kuomba mzinga. Karani akauliza, bila ubaya wowote, kama kuna risiti ya kuununulia. Mzee hakunisubiri nijibu. Aliuinua mezani, akaugeuza tumbo juu, akaweka kidole mahali palipokuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa kipande cha mti kilichochongwa kikakaa sawasawa.

"Hapa," akamwambia karani, "baba alishona."

Karani alipapasa, akaandika kitu kwenye kitabu chake, akatuambia turudi Alhamisi.