Shelfu linayumba? Acha kwanza hiyo bisibisi

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu haya mashelfu ya vitabu ya kwenye boksi, yale ya kununua Kariakoo au kuagiza mtandaoni halafu unakuja kuyaunga mwenyewe nyumbani, zinaanza hivi hivi: "fundi, shelfu langu linayumba, nimekaza skrubu zote mpaka mkono unauma lakini wapi." Mimi swali langu la kwanza huwa siyo la skrubu kabisa. Nauliza, ule ubao mwembamba wa nyuma umeupigilia? Hapo kimya. Wengine hata kwenye boksi hawakuutoa, walijua ni wa kufungashia tu, wengine wameutegeshea kwa misumari minne kwenye kona basi, eti kazi yake ni kuzuia vumbi.

Sasa sikia. Skrubu iko pale kushika mbao mbili zisiachane, haikuwekwa kuzuia shelfu lisilale upande. Unga mbao nne ufanye fremu, kaza kona zote unavyoweza, halafu isukume kwa ubavuni pale juu, utaona inaanza kulala, kwa sababu nguvu yote ya huko juu inakuja kuishia kwenye kona ambayo imeshikwa na skrubu mbili tu zilizokaribiana, na urefu wa ubao unaifanyia kazi ya wenzo. Lakini ukiweka hadibodi, yaani ule ubao mwembamba, ya milimita 3 nyuma na kuipigilia kuzunguka pande zote nne, fremu haina pa kwenda tena. Hadibodi ukiishika mkononi inapindapinda hovyo, ndiyo, ila jaribu kuivuta kwa upana wake kona kwa kona uone kama itakubali. Huo ndio ugumu tunaoutaka.

Kwa hiyo misumari ya nyuma usiihurumie, mmoja kila sentimita 10 mpaka 15, na pigilia pia kwenye lile shelfu la katikati lisilohamishika, maana hadibodi nyingi zinakuja zimekunjwa mara mbili zimeungwa na tepu na pale kwenye mkunjo ndipo penye udhaifu. Na kabla hujapiga msumari hata mmoja pima kona kwa kona. Juu kushoto mpaka chini kulia, halafu juu kulia mpaka chini kushoto. Namba mbili zilingane. Shelfu la upana wa 80 na urefu wa 200 linatakiwa likupe kama sentimita 215 na nusu hivi pande zote mbili, ukipata 214 huku na 217 kule limelala, lisukume taratibu mpaka zilingane ndiyo upigilie, kwa sababu ukishapigilia likiwa limelala umelifunga hivyo hivyo na milango kama lina milango haitakaa ifungike vizuri.

Haya tuje kwenye skrubu zenyewe, maana huku nako kuna maafa. Mashelfu haya mengi ni chipubodi, yaani vipande vya mbao vimesagwa vikachanganywa na gundi vikagandamizwa kwa joto. Juu na chini unga wake ni laini na umeshikana, katikati ni chenga kubwa kubwa zimeachana. Skrubu ikiingia kwa usoni inashika vizuri, ikiingia kwa ubavuni, yaani kwenye ukingo mwembamba wa ubao, inaangukia kwenye zile chenga za katikati, na bahati mbaya karibu skrubu zote za shelfu zinaingia ubavuni. Ndiyo maana wametengeneza zile skrubu nene butu za kufunga kwa ufunguo wa L, milimita 7 kwa 50, zenye meno makubwa yaliyoachana, zinataka tundu la milimita 5 kule ubavuni. Usije ukaibadilisha na skrubu nyembamba ya mbao kwa sababu moja imepotea, ile inapasua.

Na drili weka pembeni jamani. Ubao wa mninga ukizidisha kukaza unakuambia, unasikia mkono umegoma. Chipubodi haikuambii kitu, inakaza, inakaza, halafu ghafla inalegea, na hapo meno yameshasaga tundu limebaki unga. Kaza kwa mkono, kichwa kikishalala sawa na ubao robo mzunguko inatosha. Kama lazima drili basi iwe kwenye zile namba ndogo za pete ya shingoni mwa drili, zinazopunguza nguvu ya kukaza. Vile viduara vya chuma vinavyozungushwa kubana ule msumari wenye shingo, vyenyewe havitaki hata mizunguko, ni nusu tu. Kikigoma kubana usikilazimishe, toa ubao uangalie, mara nyingi ule msumari haujaingia mpaka mwisho kwa hiyo kiduara kinatafuta shingo hakiioni.

Sisi wapangaji tunahama kila siku, shelfu linafunguliwa linaungwa tena. Hapa kuna kitu kidogo nawaambia wote: unaporudisha skrubu kwenye tundu la zamani, izungushe kwanza kinyume, kama unaifungua, taratibu, mpaka uisikie imedondoka kidogo. Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani, sasa kaza. Usipofanya hivyo inachimba njia mpya juu ya ile ya kwanza, na kuhama kwa tatu tundu limekwisha. Likishakwisha, toboa kwa milimita 8, tia gundi nyeupe ya mbao, gongelea kile kijiti cha mbao cha milimita 8, acha kilale usiku mzima, kesho toboa upya kwa 5. Njiti za kiberiti na gundi zinafanya kazi pia ila kwa shelfu la viatu, siyo la vitabu.

Maana vitabu ni vizito kuliko watu wanavyofikiri. Rimu moja ya A4 ni kilo mbili na nusu na unene wake ni kama sentimita 5, jaza ubao mmoja wa shelfu wa sentimita 80 kwa karatasi za aina hiyo umeweka kilo 40. Lile shelfu la IKEA, kampuni ya samani ya Sweden, linaloitwa Billy, alilobuni Gillis Lundgren mwaka 1979, ubao wake wa upana huo umeandikiwa mwisho kilo 30. Na upana ndio unaoua. Ukitoka sentimita 60 kwenda 90, zote zimejaa vitabu, ubao haupindi mara moja na nusu zaidi, unapinda mara tano. Kwa hiyo ukiwa dukani mimi ningekushauri uchukue mawili membamba badala ya moja pana, hata kama lile pana linapendeza.

Kuhusu kuanguka sina mzaha. Shelfu la kina cha sentimita 28 na urefu wa mita mbili, likiinama nyuzi 8 tu kwenda mbele linaendelea lenyewe, na mtoto akipanda ubao wa pili kutafuta kitu hizo nyuzi anazipata. Weka vitabu vizito chini, sawa, ila ukutani lifungwe. Kuta zetu za tofali za saruji ni rahisi, toboa milimita 8, pita plasta mpaka uingie kwenye tofali lenyewe, weka fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu ukutani, funga kile chuma cha L. Fisha iliyoishia kwenye plasta ni mapambo. Ofisi zenye kuta za jipsamu tafuta mhimili uliopo ndani, gonga usikilize, ufunge hapo.

Halafu mnavyodeki, maji yakisimama chini ya mbao za pembeni chipubodi inavimba na haisinyai tena, shelfu linapanda upande mmoja. Vipira vya miguu ni bei ndogo sana, bandika kabla hujalisimamisha, maana likishajaa vitabu nani atalinyanyua.