Kipupwe Hakiui Samaki: Kabla Hujaweka Samaki Kwenye Bwawa la Uani

Kila kusi ikishika, ofisini kwetu hapa Zanzibar huja swali lilelile. Mtu amechimba kibwawa uani na kukipiga saruji, na sasa anaomba tumwelekeze kwa samaki "wa kuhimili baridi", maana wale wa mwanzo walimfia. Nikimuuliza walikufa lini, hujibu Februari, au Machi kabla ya masika.

Februari ni kaskazi. Hao walikufa kwa joto.

Ninaelewa fikra hii inatoka wapi. Watu wanatazama mabwawa ya Ulaya na Japani kwenye simu, na huko samaki huchaguliwa kwa kuhimili baridi kweli. Samaki wa dhahabu na koi, yaani samaki wakubwa wa mapambo wa Kijapani, wanaweza kukaa miezi kadhaa chini ya barafu, mradi bwawa lina kina na halijaganda lote, kwa sababu maji ya chini hubaki karibu nyuzijoto 4. Chini ya nyuzijoto 10 huacha kulishwa, hutulia tu sakafuni wakisubiri. Sifa hiyo hapa Unguja na Pemba haina kazi. Usiku wa Julai hewa yetu hushuka hadi nyuzijoto 20 hivi, na kwa samaki hao hiyo ni raha. Hata perege, ambaye ni wa maji ya joto, huanza kuugua maji yakishuka chini sana ya hapo, na kwetu hayafiki huko. Tafadhali tusiendelee kuulizana habari za baridi.

Cha kuuliza ni hewa ndani ya maji. Maji ya nyuzijoto 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba 7 na nusu tu, na wakati huohuo samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Kibwawa cha kina cha sentimita 40, kilichosakafiwa na kuachwa juani, hupata joto mchana kutwa. Kikiwa na ukijani, mambo huzidi: ukijani huo ni mwani mdogo, nao hutoa oksijeni mchana, usiku huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri. Ukitoka kwenda msikitini ukawaona samaki juu ya maji wanapapasa midomo, usiwatupie chakula ukidhani wana njaa. Washa pampu, au chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu, kisha badilisha robo ya maji yote. Siku hiyo wasile kabisa.

Basi anayetaka samaki wa dhahabu au koi tunamwambia afanye kina cha mita moja au zaidi, na kivuli cha makuti au mti juu ya nusu ya bwawa. Samaki wa dhahabu watano kwa lita 1,000 wanatosha kuanzia. Koi ni mkubwa, huvuka nusu mita, kwa hiyo chini ya lita 4,000 simshauri mtu. Pampu ni ya lazima, na umeme ukikatika mtu awepo nyumbani. Asiyeweza hayo ana samaki wa kumfaa: gapi, ambao ni wadogo, wanavumilia joto na wanakula viluwiluwi vya mbu. Perege naye ni mvumilivu, ila huzaana haraka mno na bwawa dogo hujaa vitoto visivyokua. Kambare huvuta hewa ya juu, kwa hiyo hafi upesi, lakini huwala wenzake wadogo na usiku wa mvua hutoka kutembea. Mwatiko mwacheni kwenye mabwawa ya pwani. Ni samaki wa mwendo, na uani hapamfai.

Kuhusu maji, ya bomba yana klorini: yaache wazi siku mbili kwanza. Saruji mpya hutoa chokaa, hivyo jaza bwawa na kulimwaga mara kadhaa kabla ya kuweka kiumbe. Visima vya maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama vya Makunduchi na Paje, mara nyingi vina maji magumu na pengine chumvi. Perege na gapi hawasumbuki nayo.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msikilize vizuri, kwani ndipo tunapogombana na watu. Samaki hai anayeingia Zanzibar, hata akitokea Dar es Salaam, anahitaji kibali kabla ya kununuliwa, si baada ya boti kufunga bandarini Malindi, hapa Unguja. Anza kwa afisa uvuvi wa wilaya yako, mweleze aina, idadi na anakotoka. Omba kibali cha kuingiza. Muuzaji naye atoe cheti cha afya kutoka mamlaka ya mifugo ya huko. Ukifika bandarini au uwanja wa ndege, jitangaze mwenyewe, ukaguzi ufanyike. Mzigo usio na karatasi unaweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa, na gharama ni zako. Hatufurahii kufanya hivyo. Tunaona mtu ametumia pesa zake. Lakini "sikujua" haimfanyi samaki mgonjwa kuwa mzima. Ukiwafikisha nyumbani, waweke kwenye tangi la peke yao wiki tatu kabla ya kuwachanganya.

Mwisho, jambo linaloniuma. Watu wakichoka na samaki wao huwamwaga mtoni au kwenye kinamasi, wakiona ni huruma. Lakini kiumbe mgeni akishaachiwa, kumrudisha ni kazi: kunguru waliletwa hapa miaka ya 1890 ili wale taka, na leo kila mwenye bwawa anajua wanavyomnyang'anya samaki kama hajalitandikia wavu. Koi hufukua tope na kuchafua maji ya wengine. Kama huwataki tena, mpe jirani mwenye bwawa, au tupigie simu tukusaidie kumpata wa kuwachukua. Usifungue mfuko mtoni Mwera.