Mzazi wa miaka 75 hakatazwi kupanda ndege

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Mombasa: mzazi aliyepita miaka 70 hauziwi tiketi ya ndege ya nje bila barua ya daktari. Herufi kubwa tupu, na mwisho "sambaza kwa wenye wazazi".

Si kweli. Kwa kawaida mashirika ya ndege hayamwekei mzee ukomo wa umri. Kinachoangaliwa ni afya: aliyepasuliwa majuzi, au anayehitaji oksijeni njiani, ndiye huombwa fomu ya daktari. Bibi wa Likoni mwenye miaka 82, presha imetulia, vidonge mkobani, kwa kawaida haulizwi.

Nadhani watu huchanganya na bima ya safari, ambayo kweli yaweza kupanda bei kwa umri. Wengine huogopa hata kuomba kiti cha magurudumu, wakidhani ni kujitangaza mgonjwa. Kwa kawaida ni huduma ya bure. Iombe unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Fungua tovuti ya shirika utakalosafiri nalo, usome masharti ya abiria, sehemu ya afya, au mpigie wakala wako. Na dawa za mama zisiende kwenye sanduku kubwa.