Je, wajua kwa nini ni chuo kimoja tu cha watu weusi kilichowahi kutwaa ubingwa huu wa futiboli ya vyuo vya Marekani?

Desemba 16, 1978, katika mji wa Wichita Falls, Texas, timu ya futiboli ya Florida A&M iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Massachusetts 35–28 na kuchukua ubingwa wa kwanza kabisa wa daraja la I-AA, lililo chini ya lile la vyuo vikubwa kabisa. Tangu siku hiyo hakuna chuo kingine cha Wamarekani weusi kilichonyanyua kombe hilo. Ukikumbuka kwamba nyota wa futiboli Walter Payton na Jerry Rice walilelewa kimchezo katika vyuo vya aina hiyo, lazima ujiulize imekuwaje.

Vyuo hivi, kwa sheria ya Marekani, ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kuwasomesha watu weusi, zama ambazo vyuo vingine vingi viliwafungia mlango. Viko kama 100, vingi vikiwa majimbo ya kusini. Florida A&M kilianza 1887, nacho kiko juu ya kilima mjini Tallahassee. Timu yake huitwa Rattlers, jina la yule nyoka mwenye njuga mkiani. Futiboli yenyewe ni ile ya Kimarekani: mpira wenye umbo la yai, wachezaji wamevaa helmeti, na timu ina majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Jibu linaanzia enzi za ubaguzi. Katika mji uleule wa Tallahassee kuna chuo kingine kikubwa, Florida State, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana mweusi hakuwa na nafasi katika timu yake, hata angekuwa na mbio za swala. Alikwenda kwa Jake Gaither, kocha wa Florida A&M kuanzia 1945 hadi 1969, aliyeshinda mechi 203 na kufungwa 36 tu. Mmoja wa vijana wake alikuwa Bob Hayes, aliyechukua dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo 1964. Hebu fikiria: binadamu mwenye mbio kuliko wote duniani, na vyuo vikubwa vya kwao kusini havikuwa na mahali pa kumweka. Ukuta ule ulikuwa dhuluma tupu, lakini ndio uliokusanya vipaji vyote upande mmoja.

Mwaka 1974 akaja kocha Rudy Hubbard, aliyekuwa amecheza na kufundisha katika chuo kikubwa cha Ohio State chini ya kocha Woody Hayes. Mwaka 1977 vijana wake walimaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka uliofuata NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaligawa daraja lake la juu sehemu mbili, na I-AA ikazaliwa. Timu nne tu ziliitwa kuwania taji hilo jipya, na mbili kati yake zilikuwa za vyuo vya watu weusi. Zikakutana zenyewe kwenye nusu fainali, Florida A&M ikaitoa Jackson State 15–10.

Fainali ndiyo ninayopenda kuisimulia. Hubbard hakuhangaika sana na kurusha mpira hewani. Mpira ulikabidhiwa mkononi, walinzi wakafungua njia kwa mabega, mkimbiaji akapita. Wakarudia, wakarudia tena. Hadi kipenga cha mwisho walikuwa wamekimbia na mpira yadi 470, na uwanja mzima una yadi 100. Mike Solomon peke yake alikimbia 207. Wakamaliza msimu na ushindi 12, wamefungwa mara moja. Aliyedhani wamebahatisha alijibiwa 1979, walipoifunga Miami, timu ya daraja la juu zaidi, 16–13.

Lakini mlango ulikuwa tayari umefunguka upande wa pili. Septemba 1970, timu ya USC kutoka California ilikwenda Birmingham ikaichapa Alabama, timu ya chuo kikubwa cha kusini, 42–21, na Sam Cunningham, mkimbiaji mweusi, akawatesa wenyeji mbele ya mashabiki wao. Ndani ya miaka michache vyuo vikubwa vya kusini vilikuwa vikiwagombania vijana haohao viliowakataa jana, vikiwa na viwanja vya maelfu ya watu, televisheni na fedha. Vyuo vya watu weusi havikuwa na ubavu wa kushindana na mifuko hiyo. Haki ilitendeka kwa kijana. Chuo kilichokuwa kimemlea kikabaki na pengo, na hilo linaniuma hadi leo.

Sababu ya pili ni uamuzi wao wenyewe, na naona walikuwa na haki ya kuufanya. Tangu 1974 Grambling na Southern, vyuo viwili vya watu weusi, hukutana New Orleans katika mechi iitwayo Bayou Classic, mwishoni mwa wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, wakati uleule mechi za mtoano za NCAA za kuwania taji lile zinapoanza. Familia zinasafiri, bendi za vyuo zinapigana vikumbo kwa tarumbeta na ngoma, na chuo kinaingiza fedha. Nani aache sherehe hiyo akacheze ugenini kwenye baridi? Kuanzia 2015, mabingwa wa ligi mbili kuu za vyuo hivi, SWAC na MEAC, wanakutana Atlanta katika Celebration Bowl, na kwa kawaida hawaendi tena kwenye mtoano.

Florida A&M sasa iko SWAC. Ilicheza Celebration Bowl ya 2023 dhidi ya Howard, ikashinda 30–26, ikamaliza msimu na ushindi 12 na kufungwa mara moja. Mechi ilichezwa Desemba 16, miaka 45 kamili baada ya Wichita Falls.