Teranostiki: chembe moja, kazi mbili

Mgonjwa wa saratani jijini Nairobi huzoea kubeba bahasha kubwa. Anapigwa picha kituo kimoja, tuseme Upper Hill, anasubiri majibu, kisha anaanzishiwa dawa ya dripu hospitali nyingine. Wiki hupita kabla hajarudi kwenye mashine ili ijulikane kama uvimbe umepungua. Katika muda huo wote hakuna anayeona dawa imefika wapi mwilini.

Pengo hilo ndilo teranostiki inataka kuziba. Jina limeunganisha maneno mawili ya kitabibu, la tiba na la utambuzi wa ugonjwa: kile kinachoonyesha ugonjwa ulipo ndicho hicho kinachoutibu. Wazo lenyewe si geni. Tangu miaka ya 1940, iodini yenye mionzi imetumika kwa tezi ya shingoni. Tezi huifyonza yenyewe, daktari akaiona kwenye picha, na mionzi ileile ikaunguza seli mbovu. Tiba hii ipo hata hapa Nairobi.

Kipya ni kutumia chembe za nano. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe hizi mara nyingi hazizidi 100. Chukua oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za mwili kwa sumaku, huvuruga usumaku ulio karibu nayo, na mahali ilipotua hujitokeza peusi. Ukiiweka penye sumaku inayogeuka-geuka kwa kasi, inapata joto, na seli za saratani zikikaa kwenye nyuzi 43 hivi huanza kufa. Juu yake unaweza kupaka utando wa sukari, ukabandika dawa, ukaongeza kingamwili inayoitambua seli ya saratani. Chembe za dhahabu nazo hupata joto zikimulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho.

Shida ni kufika. Ini na wengu huzinasa nyingi njiani. Uchambuzi uliochapishwa 2016, uliopitia tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama, ulikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Ndiyo maana kwangu mimi upande wa picha una thamani kuliko hata ule wa joto: daktari akiona mapema kwamba dawa imeishia kwenye ini, anaweza kuibadilisha kabla mgonjwa hajamaliza mizunguko yote ya dawa.